Mshenga wa Thornton Heath

Kama kuna mtu mwoga niliyewahi kumjua vizuri, basi ni Mshenga, na kazi aliyojitwika ilikuwa ya kuingia katika nyumba za watu wasiomtaka na kuwaomba binti zao.

Siku ya posa alikuwa hali kitu. Alifika mtaani kwa wakwe saa nzima kabla ya miadi, na badala ya kutafuta mahali akae atulie, alizunguka. Ungemwona kwa mbali ungedhani ni mwizi anachagua nyumba: mwanamume mfupi, koti refu la kijivu, kofia ya viua iliyotariziwa kwa mkono ameitia kwenye mfuko wa plastiki ili mvua isiiharibu. Alipita, akarudi, akatazama saa, akaingia mkahawani si kwa ajili ya chai bali kwa ajili ya choo. Mara moja polisi walimsimamisha kule Ilford wakamuuliza anatafuta nini mtaa ule. Akawajibu kwamba anatafuta mke. Ilimchukua muda kuwaeleza kwamba mke mwenyewe si wake.

Halafu saa ilipofika alivaa kofia, akavuta pumzi, na aliyeingia ndani alikuwa mtu mwingine kabisa. Sauti ilishuka, mikono ilitulia, maneno yakatoka moja baada ya jingine bila haraka. Alipotoka nje tena woga ulimrudia. Baba mkwe wangu aliwahi kumshika mkono asianguke kwenye ngazi za nyumba ya baba yangu.

Sote tulimwita Mshenga. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kengele ya mlango wake pale Thornton Heath, juu ya duka la vitambaa, lakini sikupata kusikia mtu akilitumia isipokuwa watu wa kaunsili na daktari. Mkewe mwenyewe alimwita Mshenga, kwa kejeli mwanzoni, halafu kwa mazoea. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kwenye dirisha la tiketi stesheni, mpaka mashine zilipokuja zikamrudisha nyumbani. Ushenga haukumlipa kitu. Ulimpa vidonda vya tumbo tu, na kila kidonda alikijua kwa jina la harusi iliyokileta. "Hiki cha kushoto ni chenu," aliniambia siku moja, akijibonyeza ubavuni, na hakuwa anatania.

Tulimhitaji kwa sababu watoto wa London walipenda walikopenda. Kijana wa Unguja akimtaka binti wa Unguja, hata shangazi asiyejua kusema anaweza kwenda, maana pande zote mbili zinajua nani anaanza na nani anajibu. Lakini binti wa Kipemba akipendana na kijana wa Kisingasinga aliyesilimu, ambaye wazee wake ni wa Nairobi, nani aende kwa nani? Kijana wetu akimpenda msichana wa Kipolandi, wazee wake wanaulizwa nini, na kwa lugha gani? Hapo ndipo simu ya Thornton Heath ilipolia. Na Mshenga, kwa woga wake wote, aliitikia kila mara.

Alikuwa na masharti. Anayeoa haendi kwenye posa, hata awe profesa. "Anayeoa hana sauti," alisema. "Akianza kujisemea mwenyewe, wazee wana kazi gani?" Hakuna kusema tunataka, kunasemwa tunaomba. Jibu halidaiwi siku ile ile. Na soksi. Jambo la soksi lilimtia wazimu. Aliwahi kuwapeleka wazazi wa Kiingereza kwenye nyumba moja huko Neasden, wakavua viatu mlangoni kama walivyoelekezwa, na kidole gumba cha baba mtu kikachungulia kutoka kwenye tundu mbele ya kina mama wote. Posa ilipita, lakini Mshenga hakupona. Tangu siku hiyo alitembea na jozi za soksi mpya za kila saizi katika mkoba wake, na kabla ya kuingia mtaani kwa wakwe aliwasimamisha wazee wa watu kwenye kona awakague miguu.

Hivi ndivyo alivyowaleta wazazi wa mume wangu kwetu Ilford. Walitoka Kent kwa treni, watu wema, wapole, hawajawahi kuingia nyumba ya Waswahili maishani mwao. Mama mkwe alikuja na zawadi ndani ya mfuko wa karatasi, na Mshenga, aliyekuwa ameshakagua soksi akadhani amemaliza, akasikia chupa inagonga. Ilikuwa mvinyo, tena wa bei. Alikuwa amebakiwa na dakika chache. Alimwomba radhi mama wa watu, akaificha chupa chini ya ua wa miti wa jirani, akakimbia dukani, akarudi na sanduku la tende. Baba mkwe wangu naye alikuwa amepewa sentensi moja aikariri njia nzima: "Tumekuja kuomba undugu." Aliisema vizuri sana, kwa ndugu wa mama yangu aliyekuja kumfungulia mlango, na ilipofika zamu ya kuisema kwa baba akawa ameshaisahau.

Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya mlango, nimeshika kitambaa cha vyombo nikikisokota. Baba yangu alikuwa ameapa. Alisema hana neno na mtu mweupe, hana neno na Mwingereza, na kijana ameshasilimu, hilo nalo analiona. Lakini hakutaka. Halafu baba akauliza swali lake, akiwa amemwelekea Mshenga peke yake, kwa Kiswahili ili wageni wasielewe.

"Hebu niambie. Watoto wao hawa watakuwa nani?"

"Watakuwa wajukuu zako," Mshenga alisema.

Baba aliinamisha kichwa, akaomba chai iletwe, na mimi nikajua nimeolewa. Maneno yale yalizunguka London nzima. Watu waliyanukuu harusini, na wengine walidai waliyasikia kwa masikio yao wakati hawakuwapo. Mshenga mwenyewe hakupenda kukumbushwa. Alibadilisha mazungumzo, akaulizia kama pilau imebaki.

Niliishi kwa jibu lile miaka kadhaa. Mimi ni mtu wa wasiwasi pia, nadhani ndiyo sababu tulielewana. Nilipompeleka mwanangu wa kwanza shuleni, mwalimu akaniuliza kwa upole kabisa kama mimi ni yaya, nilirudi nyumbani nikajisemea: ni mjukuu wa baba yangu, basi. Binti yangu alipotoka kwenye sherehe ya Idi analia kwa sababu wenzake wamemwambia yeye si wa huku, nikamwambia hivyo hivyo. Ilitosha kwangu. Sina hakika kama iliwatosha wao.

Mshenga alikuja kila tulipojaliwa mtoto. Alikwenda kwa wote aliowaunganisha, akiwa na kanga kwa mama na shilingi ya zamani kwa mtoto, akambeba kichanga, akamsomea dua, akamtazama uso kwa muda mrefu kuliko watu wanavyowatazama watoto. Mkewe aliniambia kwamba akirudi kutoka ziara hizo hakulala. Alikaa jikoni akiuliza, mtoto yule masikio umeyaona? Ya nani yale?

Neno chotara hakulivumilia. Bibi mmoja alimshika mwanangu kidevu siku ya Idi akasema, "Chotara mzuri huyu, mashaallah," na Mshenga akaweka sahani yake chini.

"Bibi, huyu ana jina," alisema.

"Nami nimemsifu, yakhe!"

"Msifu kwa jina lake."

Bibi wa watu alinuna mpaka siku iliyofuata. Lakini huyo huyo Mshenga, tulipowapeleka watoto bustanini wakati wa joto, alimvuta binti yangu kivulini mara tatu au nne. "Usikae juani, utakuwa mweusi." Nilikasirika. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mimi mama yake ni mweusi na sijafa. Akanitazama kama mtu aliyekamatwa mkono ndani ya chungu. "Aa, mwanangu, sikukusudia hivyo," alisema, lakini hakusema alikusudia nini, na jioni ile alinipigia simu mara mbili bila kuwa na la kusema.

Kuhusu yeye mwenyewe, alitokana na nani na nani, hakuzungumza kabisa. Rangi yake ilikuwa maji ya kunde, nywele zake zililala zilipotaka na kusimama zilipotaka. Waarabu walidhani ni wao, Wahindi wa dukani walimsemesha Kigujarati. Ukimuuliza, alijibu, "Mimi mtu wa Thornton Heath." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, mpaka siku binti yangu, akiwa na miaka kumi hivi, alipokaa karibu yake kwenye kochi akamuuliza kwa Kiingereza kile chao cha moja kwa moja: Babu, wewe ulikuwa unawaambia nini watu wakikuuliza ni nusu nini?

Mtu aliyemnyamazisha baba yangu kwa sentensi moja alisimama akasema anakwenda kunawa mikono, na alikaa chooni huko mpaka nikamtuma mume wangu akamgongee. Alipotoka alivaa koti lake akaaga. Mtoto aliniuliza amekosea nini, nikamwambia hajakosea kitu.

Mshenga alikuwa na binti mmoja tu. Nilimjua akiwa msichana mrefu mwenye kicheko kikubwa, anayeshika sinia la halwa pale sebuleni kwao baba yake akifanya mazoezi ya hotuba. Alikuwa hodari wa kuigiza wakwe wakali. Mshenga alisema, "Tumekuja kuomba undugu," na binti, ameketi miguu juu ya kochi, akajibu kwa sauti nzito, "Tutawajibu," na mama yake akaangua kicheko jikoni. Kuwaona watatu wale pamoja kulinipunguzia wasiwasi wa dunia.

Binti akampenda kijana wa Brixton, mtoto wa Wajamaika, fundi umeme. Alikuwa Mwislamu tangu kabla hawajajuana, kwa hiyo dini haikuwa kisingizio cha mtu. Alifanya kama watu wa hapa wanavyofanya, na kwa heshima zote anazozijua: alinunua maua, akavaa suti, akaja mwenyewe Jumapili asubuhi. Alikuwa amejifunza kusema shikamoo. Mshenga alifungua mlango, akakuta mwanamume mweusi mrefu na shada la maua, peke yake. Haya nilihadithiwa na mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema.

"Marahaba." Hiyo ilimtoka yenyewe. Kisha akauliza kwa Kiingereza, wazee wako wako wapi?

Kijana akasema ana mama tu, ni dereva wa basi, yuko kazini leo. Akasema amekuja kumwomba binti yake. Mshenga akamwambia: siku ukiwa na watu, rudi. Na akafunga mlango, maua yakiwa nje.

Binti alikuwa juu, amesikia yote. Alishuka ameshika viatu mkononi. Alimwambia baba yake kwamba amewafundisha Waingereza, Wapolandi na Masingasinga namna ya kuingia nyumba za watu, amewanunulia hadi soksi, na huyu mmoja hakumwambia hata neno moja. Mama yake akalia, akamshika kanzu mumewe. Mshenga alirudia jambo moja tu, kwamba kijana amekuja peke yake kama anayekuja kutazama baiskeli iliyotangazwa gazetini. Binti alivaa viatu akatoka. Walioana bila baba. Kijana hakurudi na watu.

Mjini watu walisema wanachosema. Wengine walisema ni rangi, kwamba Mshenga ameona mweusi akasahau alichomwambia baba yangu. Wengine walimtetea, eti ada ni ada. Mimi nilimtazama nikaona mtu anayekonda. Simu zilipungua. Aliyekwenda kumwomba aende posa mahali aliambiwa tumbo linamuuma, na safari hii lilikuwa linamuuma kweli.

Mkewe alipofariki, tulikaa matanga katika ile nyumba ndogo juu ya duka, wanawake chumbani, wanaume sebuleni, mlango kati yetu umefungwa kama desturi. Binti alikuja. Alikaa nasi kutwa, akapika, akapakua, akawapangusa watoto wa watu pua, mtoto wake wa kike amelala mapajani mwangu. Baba yake alikuwa hatua chache upande wa pili wa mlango, na desturi ile ile iliyowatenganisha iliwapa wote wawili kisingizio cha kutofungua. Jioni aliondoka kwa ngazi za nyuma. Nilipokwenda kumpa Mshenga chakula aliniuliza bila kunitazama.

"Amekuja?"

"Amekuja, mzee. Na mjukuu wako."

"Amekonda?"

Nikasema hapana. Alikula vijiko viwili, akasukuma sahani. Nilitaka kumwambia afungue mlango akimbilie barabarani, bado angemkuta kituoni, lakini sebule ilikuwa imejaa wanaume wanaosoma na mimi sikuwa na nafasi ya kusema zaidi. Nilirudi upande wetu na sahani yake.

Mwaka jana, wakati wa baridi, alinipigia simu akasema anakuja. Alikuja kweli, kutoka Thornton Heath mpaka kwetu Ilford, akabadilisha magari mara tatu, na alipofika midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mume wangu alimvua koti. Alikaa, akakataa chai, akakubali chai.

"Wanataka kunifungua kifua," alisema. "Wiki ijayo. Daktari anasema watu wengi wanapona. Nimemuuliza, na wale wengine?"

Tukamwambia atapona. Ndivyo watu wanavyosema.

"Skiza, mwanangu. Nataka mniendee posa."

Nilidhani akili imemruka. Nilimtazama mume wangu, mume wangu akanitazama mimi.

"Kwa binti yangu," alisema. "Nyinyi wawili. Mume wako huyu anajua maneno, nilimfundishia baba yake. Mwende na sinia. Muombe undugu. Mimi siwezi kwenda, anayeomba haendi." Alituangalia mmoja mmoja. "Nimefikiria miezi. Nani aniendee mimi? Nimewapeleka watu wote hawa, nikitaka mtu wa kunipeleka simwoni."

Mume wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alimuuliza kitu ambacho mimi nisingethubutu. Alimuuliza kwa nini alimkataa yule kijana.

Mshenga aliweka kikombe chini. "Harusi za watu nilikuwa naona harusi tu," alisema. "Ngoma, pilau, naondoka. Ile ya kwangu niliona maisha yote. Nilimwona mtoto wao kabla hajazaliwa, nikaona wanavyomwita shuleni, wanavyomwita huku kwetu, polisi wanavyomsimamisha. Niliogopa. Yule kijana alisimama pale na maua yake, hana kosa, mimi nikatafuta kosa, nikaliona. Hana wazee." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wallahi niliogopa tu."

Jumamosi tulikwenda Neasden, anakoishi binti yake, kwa gari letu, na yeye kiti cha nyuma. Tulimwambia abaki nyumbani, akasema akibaki atakufa kabla ya Jumatatu. Tuliegesha upande wa pili wa barabara, karibu mkabala na mlango wao. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Alitukagua bila sisi kutarajia, akamfunga mume wangu kifungo cha juu, akaniweka mtandio sawa, na nikaona shingo yake inavyopiga kwa nguvu pale mshipa unapopita.

Binti yake alitufungulia mwenyewe. Aliona sinia, akaona kofia ya mume wangu, na akakunja uso. Lakini alitukaribisha. Mumewe alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani. Yule mtoto wa kike, mkubwa sasa, nywele zake zimesukwa vizuri, alikaa kwenye ngazi anatutazama kupitia nguzo.

Mume wangu alikaa mkekani kama alivyofundishwa. "Tumekuja kuomba undugu," alisema, kwa ajili ya babu ambaye anataka kujua kama mlango wa nyumba hii unaweza kumkubali.

Mtoto akauliza kwa Kiingereza kama wanamsema yule babu. Mama yake akamwambia anyamaze.

"Dada," binti aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya baba yake kabisa, ile ya posa. "Mimi nilishika sinia hilo. Najua kila neno mtakalosema na kila neno nitakalojibu. Mnaomba, nasema tutawajibu, mnaondoka, tunakaa miezi. Atakufa anangoja jibu, kwa heshima zote. Yuko wapi?"

"Garini," nilisema.

Alikwenda dirishani, hakufungua pazia. Nilimwambia habari ya kifua, nikamwambia atapasuliwa Jumatano. Alishika ukingo wa dirisha.

"Mwambieni aje mwenyewe," alisema. "Bila sinia, bila nyinyi. Aje peke yake."

Mumewe akauliza kwa Kiingereza amesema nini, akamtafsiria. Kijana alitikisa kichwa. Alisema, taratibu na bila ukali, kwamba hataki mzee aje hapa kwa kusukumwa. Akija aje kwa sababu anataka, na asipotaka basi waachwe kama walivyo, wamezoea. Halafu aliingia jikoni na tukasikia maji yanafunguliwa. Nilimtazama binti nipate kujua kama mumewe ataruhusu. Naye hakujua. Niliona kwamba hakujua.

Tulirudi garini na sinia letu. Mvua ilikuwa imeongezeka. Mshenga alisogea mbele mpaka kifua chake kikagusa kiti changu, na kabla sijafunga mlango akauliza wamesemaje.

"Anasema uende mwenyewe, mzee. Peke yako."

"Mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na mume wake?"

Nikamwambia kweli, kwamba mume wake hakusema ndiyo wala hapana. Alirudi nyuma. Nilimsikia anavyopumua, fupi fupi, nikaanza kuikariri namba ya dharura kichwani. Mume wangu aliweka mkono kwenye ufunguo ili atupeleke nyumbani. Mshenga alitoa kofia kwenye mfuko wake wa plastiki, akaivaa, akaivua, akaishika mapajani.

"Mtu akienda mwenyewe," aliuliza, "anasema nini?"

Miaka yote ile aliwapa watu maneno, na hilo hakulijua. Mimi pia sikulijua. Nikamwambia kitu pekee kilichonijia.

"Sema hodi tu, mzee."

Alishuka. Alivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, gari la kupeleka vifurushi likafunga breki, dereva akatukana, yeye hata hakusikia. Mume wangu alishusha kioo ili tusikie kama ataitikiwa, mvua ikatuingilia. Kulikuwa na kengele mlangoni lakini hakuigusa.

"Hodi!"

Sauti ilikuwa ndogo. Hakuna kitu. Pazia la juu lilitikisika, sikujua ni nani.

"Hodi!"

Hakuna kitu. Sasa nilimwona amesimama, mabega yameloa, na nikajua anachofikiri, kwa sababu wote tumelelewa hivyo: unabisha mara tatu, na usipoitikiwa ya tatu, unarudi ulikotoka. Hakutaka kuitoa ya tatu. Alikaa nayo. Nilimshika mume wangu mkono nikauminya mpaka akalalamika. Mzee aliinua kichwa, nikaona mgongo wake unavyojaa pumzi.

"Hodi," alisema.

Mlango ukafunguka nusu. "Karibu," mtu akasema kutoka ndani. Ilikuwa sauti ya mwanamume, yenye lafudhi ya Brixton, na neno lenyewe alilitamka vibaya sana.